Punje Mbili

Kijana wa labo alikuwa na maharage ya kupeleka kwao,
kilo mbili katika mfuko mweusi, kutoka soko la Kadutu.
Alifungua fundo kwa meno, akaweka punje nne mezani
juu ya karatasi yenye jina la binti yangu.

«Mbili zako, Baba Cishugi. Mbili za mkeo.»
Nyeupe na nyekundu upande wangu.
Nyeupe na nyekundu upande wa Nsimire.
«Mtoto anapokuja, kila mmoja wenu anatoa moja.
Hamchagui. Ni mkono gizani.»

Nikamuuliza: mbona mimi sijawahi kulazwa?
Mbona mke wangu anapanda mlima huu na ndoo kichwani
akiimba, na mtoto wa miaka sita analia
kwamba kuna mtu ndani ya mifupa yake, anaikwaruza kwa jiwe?
«Nyeupe moja inatosha,» akasema.
«Nyekundu inakaa kimya nyuma yake,
baba kwa mwana, mwana kwa mjukuu,
hadi ikutane na mwenzake.»

Akaziondoa nyeupe zote mbili.
Zikabaki nyekundu, zimegusana.
Aganze.

Sasa niseme la aibu.
Miaka minne nimemwambia Nsimire: ni damu yenu.
Mama yangu alisema, huko kwao Kabare kuna kitu,
nami nikanyamaza kama anyamazavyo anayekubali.
Dada zangu wakaacha kula kwake.
Kuku wawili niliwapeleka kwa mwombezi wa Bagira
ili amtaje mchawi kwa jina,
na nusu ya jina hilo ilikuwa yangu.

Masikio ya Aganze yamesimama kama vikombe, ni yangu.
Mwanya ule anapocheka ni wa Nsimire.
Hayo hatukuyatafutia mchawi.

Tena kuna hili, linaloninyima usingizi.
Nilipokuwa Shabunda nikichimba dhahabu
malaria iliwafagia wenzangu. Bisimwa tulimzika ndani ya turubai.
Mimi homa ilinijia siku mbili, ikaniacha.
Nilijisifu! Nilisema damu yangu chungu, mbu anaitema.
Kijana wa labo alicheka kidogo, si kwa dharau:
«Huenda ni hiyo hiyo. Mwenye nyekundu moja,
malaria kali humpata kwa shida.»
Basi kilichonirudisha nyumbani hai
ndicho kilichokwenda kumsubiri binti yangu mlangoni.
Nimshukuru nani? Nimlaani nani?

Nsimire ana mimba ya miezi mitano.
Nikahesabu kwa vidole, kama mtu aliye dukani:
mmoja katika wanne. Basi deni tumelipa,
huyu ajaye ni mzima.
«Hapana, Baba. Mfuko hauna kumbukumbu.
Kila safari ni punje zile zile nne, na giza lile lile.»

Aliniachia zile nne. Nilizishika mfukoni hadi nyumbani,
nikazimwaga kwenye kitenge cha mama, mapajani,
nikamweleza kama nilivyoelezwa, vibaya, nikirudia rudia.
Alikaa. Akazisogeza kwa kidole.
Kisha akawataja wadogo zake, Nabintu na Mushagalusa,
waliovimba vidole, wakafa kabla ya kung'oa meno ya utoto.
Sikuwahi kusikia majina hayo.
Hakumwomba Nsimire radhi.
Alivuta ungo, wakachambua maharage pamoja,
na zile nne zikapotea humo, zikapikwa, tukala.

«Anywe maji mengi,» ndivyo alivyoandika chini ya karatasi.
Bomba letu limekauka tangu Pasaka.
Alfajiri nashuka hadi chemchemi, udongo ukiteleza,
na bidoni mbili,
moja mkono huu, moja mkono ule.
Nikifika nusu ya mlima nabadilisha,
ingawa uzito ni sawa,
kisha napanda.